Kontable wa Lubumbashi anapotaka kuwa CPA Amerika: kazi inaanzia hapa kwetu, kwenye aparitora

Alifika redioni asubuhi kijana mmoja wa komini ya Katuba, na farde ya karatasi mkononi. Hakuwa na tangazo la kutoa. Alitaka tu kujua kama kuna mtu hapa anayeweza kumwambia «batu ba Amerika banaombaka nini kabisa».

Yaya yake aliondoka na loto ya Amerika, ile ya viza, pamoja na bibi na watoto. Hapa Lubumbashi alikuwa kontable, miaka mingi kwenye kampuni inayouzia watu wa migodi vipuri vya mashine. Kule Ohio anafanya kazi ya usiku ndani ya depo, anapanga maboksi. Anataka kurudia mahesabu, na amejiwekea lengo la kufanya mtihani wa CPA. Ndipo akatuma ujumbe kwa mdogo wake: «Enda universite, uniletee releve zangu za miaka yote.»

Mdogo alienda. Alilipa. Alipata karatasi, akazipiga picha, akazituma kwa WhatsApp. Zikakataliwa. Akarudi universite, akalipa tena, safari hii akampa karatasi zenyewe mtu aliyekuwa anasafiri. Zikakataliwa mara ya pili. Yaya akaanza kufikiri mdogo anakula pesa. Mdogo akaanza kufikiri yaya anamchezea. Nyumba nzima ikaingia baridi juu ya karatasi tano.

Nilimwambia anipe siku chache. Nilisoma masharti ya kule, niliongea kwa simu na Wakongo wawili waliopitia njia hiyo, nilienda pia kuulizia kwenye chuo kimoja cha hapa mjini. Nilichokuta ni hiki: watu wanaogopa mtihani, wananunua vitabu vizito vya kujitayarisha, lakini wengi wanakwama kabla hata ya kuona swali la kwanza. Wanakwama kwenye dosye, na sehemu kubwa ya ile dosye inatoka hapa kwetu.

CPA ni nani

Amerika mtu anaweza kufanya kazi ya mahesabu bila leseni: kuandika kitabu cha mapato na matumizi, kutayarisha mishahara, hata kuwajazia watu karatasi za kodi akiwa na namba inayotolewa na IRS, idara yao ya kodi. Lakini herufi tatu CPA, kwa kirefu Certified Public Accountant, zinalindwa na sheria. CPA ndiye anayesaini ripoti ya kukagua mahesabu ya kampuni, na saini yake ndiyo benki na wenye hisa wanaiangalia. Hapa kwetu tunalo jambo la kufanana: tangu sheria ya mwaka 2015 iliyounda Ordre ya wataalamu wa uhasibu, ile ONEC, mtu hawezi kuamka asubuhi na kuandika «expert-comptable» kwenye bango la nyumba yake.

Tofauti ni kwamba kwetu sheria ni moja kwa inchi nzima. Kule kila jimbo lina baraza lake la uhasibu na masharti yake. Ukihesabu majimbo 50, mji wa Washington na visiwa vilivyo chini ya Amerika, unapata mabaraza 55. Mtihani wenyewe ni mmoja kwa wote, unatungwa na chama cha wahasibu kinachoitwa AICPA. Dosye za majimbo mengi zinapokelewa na shirika linalounganisha mabaraza hayo, linaitwa NASBA. Leseni yenyewe inatolewa na jimbo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza «CPA wanaomba nini?», mrudishie swali: jimbo gani? Anayeishi Texas akimwelekeza aliye Ohio kwa uzoefu wake mwenyewe, anaweza kumpoteza bila nia mbaya. Majimbo mengi hayakulazimishi uwe mkaaji wa pale ili ufanye mtihani, mengine yanakulazimisha. Unachagua kwanza jimbo, kisha unasoma masharti ya jimbo lile kwenye tovuti ya baraza lake. Usianzie kwenye grupu ya WhatsApp.

Diplome yetu ina uzito gani

Jimbo lolote litakuuliza mambo matatu: masomo, mtihani na uzoefu wa kazi. Masomo yanapimwa kwa «saa za semesta», yaani kredi. Desturi ya miaka mingi imekuwa kredi 150 ili upewe leseni, na majimbo mengi yanakuruhusu kuingia kwenye mtihani ukiwa na 120. Ndani ya hizo lazima kuwe na kiasi fulani cha masomo ya uhasibu na ya biashara, na kiasi hicho kinabadilika toka jimbo hadi jimbo.

Sheria ile ya 150 imeanza kulegezwa. Ohio ilikuwa ya kwanza: mwanzoni mwa 2025 gavana alisaini sheria inayofungua njia nyingine, na imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Mtu mwenye diplome ya kwanza ya universite anaweza kupata leseni akipita mtihani na akiwa na uzoefu wa miaka 2, badala ya kuongeza mwaka mwingine wa masomo. Majimbo mengine yamefuata. Kwa yaya wa kijana wetu ni bahati nzuri, juu yeye yuko palepale Ohio.

Sasa tuje kwa diplome zetu. Waliosoma kwa mpango wa zamani wana gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2 zaidi. Gradua peke yake, G3, mara nyingi haifiki kiwango cha diplome yao ya kwanza ya miaka 4. Ile lisansi ya miaka 5 ndiyo inakupa nguvu, juu mwaka mmoja mzima wa masomo unahesabiwa kama kredi 30 hivi za kule. Usitume releve za L1 na L2 peke yake kwa kufikiri ndizo kubwa. Wanataka miaka yote, toka G1.

Waliosoma kwa LMD wana mtego wao. Karatasi yao inaonyesha kredi 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi ya miaka 3. Mtu anaona 180, anafurahi: wanaomba 150, mimi nimezidisha! Hapana. Kredi zetu za LMD zimefuata mfano wa Ulaya, na kwa kawaida mbili zinafanya moja ya Amerika. Zile 180 zinageuka 90 hivi. Mwenye lisansi ya LMD atahitaji kuongeza masomo, ao awe na masta.

Anayepima haya yote si wewe wala si baraza moja kwa moja. Ni biro za kulinganisha diplome za kigeni. NASBA ina ya kwake, inaitwa NIES, na majimbo mengi yanaikubali; mengine yanakubali na biro nyingine. Wanachukua somo moja moja na kusema lina thamani gani kule. Mara nyingi wanakuta pengo: huna somo la kodi za Amerika, huna sheria ya biashara ya kule, ao huna saa za kutosha za ukaguzi. Pengo hilo unaweza kulijaza kwenye vyuo vidogo vya mtaa, vile vya miaka miwili, ambavyo bei yake ni ndogo kuliko universite. Kabla ya kulipia somo lolote, uliza baraza kama wanalikubali.

Neno moja juu ya pointi. Mtu aliyepita hapa na 58%, «satisfaction», anaona haya. Amerika 58% inaonekana kama umeanguka, kwa hiyo wengine wanashawishika kutafuta mtu wa kuwaongezea pointi kwenye karatasi. Wale wapimaji wana vipimo vya kila inchi, wanajua kwamba huku 50% inapitisha na 70% ni distinction. 58% ya kweli inaingia. 78% ya uongo, siku universite inaulizwa, inafunga mlango kabisa.

Anvelopu

Hapa ndipo kijana wa Katuba alipokwama, na si yeye peke yake.

Kwetu tumezoea hivi: unalipa kwenye benki, unaleta bordero, unangoja, aparitora inakupa releve mkononi, unazipeleka kwenye komini kupiga photocopie na muhuri wa «certifié conforme». Dosye ikiwa na mihuri mingi tunaona ina nguvu. Kwa wapimaji wa kule muhuri wa komini hauna uzito. Wanachotafuta ni uhakika kwamba karatasi imetoka universite na kufika kwao bila kupita mkononi mwa mtu anayefaidika nayo. Picha ya WhatsApp haiwezi kutoa uhakika huo. Karatasi iliyobebwa na msafiri ndani ya saki, hata kama ni ya asili kabisa, haiwezi pia.

Kwa hiyo releve zitoke kwenye universite yenyewe, ndani ya anvelopu iliyofungwa na universite, na muhuri upigwe juu ya mfuniko, nusu kwenye mfuniko na nusu kwenye anvelopu, ili mtu akifungua ionekane. Nyuma iandikwe jina la chuo na anwani yake. Mbele iandikwe anwani ya biro ya kupima, pamoja na namba ya dosye ya mwombaji. Bila ile namba, anvelopu inafika kule na kulala ndani ya kartoni pamoja na za watu wa dunia nzima.

Nilipoenda kuulizia kwenye kile chuo, mtu wa aparitora alinijibu kwa ukweli: «Sisi tunapaka mwanafunzi releve mu mikono. Mambo ya kutuma Amerika haiko kazi yetu.» Na kweli, hakuna bajeti ya kutuma karatasi za wanafunzi wa zamani. Lakini nilipopanda juu kwenye biro ya katibu mkuu wa masomo, yule tunayemwita SGA, jibu likabadilika. Walisema wamekwisha kufanya hivyo kwa watu kadhaa, bora iombwe kwa barua. Basi njia ni hii: mwombaji anaandika barua kwa SGA, anaeleza kwamba biro fulani inahitaji releve za moja kwa moja, anaambatanisha masharti ya biro ile yakiwa yametafsiriwa kwa kifaransa, na anampa ndugu yake prokirasyo ya kufuatilia. Ndugu analipia releve, kisha analipia pia kampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege. Anayepeleka anvelopu kwenye kampuni ile awe mtu wa universite, na jina la mtumaji kwenye bordero liwe la universite. Ndugu anabaki na namba ya kufuatilia kifurushi. Wengine wanaona ni mambo ya kupoteza siku nzima. Kijana wa Katuba alikuwa amekwisha kupoteza miezi.

Kabla anvelopu haijafungwa, omba uangalie karatasi. Je, kila mwaka upo? Kila somo lina saa zake? Zipo releve zinazoandika jina la somo na pointi tu, bila saa, na mpimaji hawezi kuhesabu kredi kwa kitu ambacho hakionyeshi muda. Je, tarehe ya kuzaliwa ni moja kwenye karatasi zote? Ni afadhali kurekebisha hapa, ambapo unaweza kurudi kesho.

Kuna pia tafsiri. Karatasi zetu ni za kifaransa, kwa hiyo wanaomba tafsiri ya kiingereza ya neno kwa neno, iliyofanywa na mtafsiri anayeweza kuithibitisha kwa saini. Tafsiri inasindikiza karatasi ya kifaransa, haichukui nafasi yake. Na diplome yako ya asili, ile moja tu uliyo nayo, usiitume mahali popote kabla ya kuuliza kama itarudi.

Jina, postnom, prénom

Hii ni shida ya Wakongo kabisa. Karatasi zetu zinaanza na jina, kisha postnom, kisha prénom mwishoni. Mwamerika anasoma kinyume: la kwanza kwake ni la kubatizwa, la mwisho ni la ukoo. Mtu anaondoka hapa na majina matatu, anafika kule prénom yake imegeuka jina la ukoo, postnom imepotea. Karatasi za makazi zinasema hivi, pasipoti hivi, releve hivi.

Kwa mtihani wa CPA, ukikubaliwa, unapewa karatasi ya ruhusa inayoitwa NTS. Jina lililo juu ya NTS lazima lifanane na jina lililo kwenye kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Likitofautiana wanaweza kukurudisha nyumbani, na pesa ya siku ile imekwenda. Kwa hiyo jaza dosye ukitumia jina lililo kwenye kitambulisho chako cha kule, na kwa wapimaji eleza kwamba releve zinaandika majina kwa mpangilio wa Kongo. Ukiwa na karatasi ya mahakama ao ya état-civil inayoonyesha ni mtu mmoja, iweke ndani.

Siku yenyewe

NTS kwa majimbo mengi inaishi miezi 6. Ndani ya muda ule lazima uwe umechagua siku na kukaa kwenye mtihani, la sivyo unalipa tena. Usiombe sehemu zote nne mara moja kwa sababu ya hamu. Omba moja, ao mbili ukiwa na nafasi ya kusoma.

Mtihani una sehemu 4, kila moja masaa 4, kwa hiyo masaa 16 kwa jumla, lakini unazifanya siku tofauti. Tatu ni za lazima: AUD ni ukaguzi, FAR ni uhasibu na ripoti za fedha, REG ni kodi za serikali kuu na sheria za biashara. Ya nne unachagua moja kati ya tatu: BAR inaendeleza FAR, TCP inaendeleza kodi, ISC ni mambo ya mifumo ya kompyuta na usalama wake. Mpango huu ulianza Januari 2024. Vitabu vya kabla ya hapo vinataja sehemu inayoitwa BEC. Hiyo haiko tena, kwa hiyo usinunue kitabu cha zamani kwa sababu ni cha bei ya chini.

Unaandika kwenye kompyuta, kwa kiingereza tu. Ukumbi ni wa kampuni ya Prometric. Unaonyesha vitambulisho viwili, simu na saa ya mkono vinabaki kwenye kabati, wanakupima na kifaa cha chuma, hata mifuko inageuzwa nje. Mashine ya kuhesabu iko ndani ya kompyuta. Kila sehemu imegawanywa mafungu 5: mawili ya maswali ya kuchagua jibu, matatu ya kazi za vitendo, ambapo wanakupa barua, fakture na jedwali na kukuambia tafuta kosa ao jaza mahesabu. Ukifunga fungu moja, hurudi nyuma. Baada ya fungu la tatu wanakupa dakika 15 za kupumzika ambazo saa haihesabu. Ukitoka wakati mwingine, saa inaendelea kula.

Kwa FAR kuna maswali 50 ya kuchagua na kazi 7 za vitendo. Maswali yale ya kuchagua yana nusu ya pointi, kazi zile zina nusu nyingine. Mmoja wa Wakongo niliyeongea naye alianguka mara ya kwanza kwa sababu moja tu: alikaa na maswali ya kuchagua masaa karibu mawili na nusu, kama kwenye EXETAT, anahakikisha kila moja. Alipofika kwenye kazi za vitendo muda ulikuwa umekwisha. Mara ya pili alijipa dakika moja na nusu kwa swali, asipojua anachagua na kusonga mbele, juu jibu baya haliondoi pointi.

Unapita ukipata 75. Hiyo 75 si asilimia, ni kipimo chao cha toka 0 hadi 99, kinachopima na ugumu wa maswali. Na wanaanguka hata wenye inchi yao: mwaka 2024, kati ya watu 10 waliofanya FAR, karibu 4 tu walipita. Kwa REG karibu 6. Ukianguka unaweza kurudia baada ya kupata matokeo, hakuna idadi ya mwisho, bali kila mara unalipa. Ukipita sehemu ya kwanza, saa nyingine inaanza: sehemu zilizobaki uzimalize ndani ya muda fulani, ambao zamani ulikuwa miezi 18, na sasa majimbo mengi yameufanya 30. Ukichelewa, ile ya kwanza inafutika.

Mahesabu ni yaleyale, lakini nyumba imepangwa vingine

Debiti na kredi haibadiliki hata ukienda mwezini. Lakini sisi tunatumia SYSCOHADA, ile ya OHADA ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, na mhasibu wetu anafikiri kwa namba: 57 ni kesi, 601 ni kununua bidhaa, 701 ni kuuza. Amerika hakuna orodha ya namba ya inchi nzima. Kila kampuni inajipangia yake. Mtu aliyejifunza kwa namba anajisikia uchi siku za kwanza. Bilan yao inaanza na pesa taslimu na kuteremka hadi majengo. Yetu inaanza na mali za kudumu na kumalizia kwa hazina. TVA ya 16% hawana, wana kodi ya mauzo ya majimbo. Hata alama za namba zinageuka: koma yao ni ya maelfu, nukta ni ya senti. Ukichoka, unasoma 1,500 kama moja na nusu.

Mfano ambao nimeuelewa vizuri ni wa stoki. Mama anauza unga wa bukari. Alinunua mifuko 10 kwa dola 20 mfuko, kisha mifuko 10 kwa dola 30. Anauza mifuko 10 kwa dola 35. Ukisema ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, faida ni dola 150. Ukisema ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, faida ni dola 50, na kodi inapungua. SYSCOHADA inakataa hesabu ile ya pili. Amerika inaikubali, na kwenye mtihani watakuuliza. Kontable wetu mwenye uzoefu anajibu haraka kwa mazoea ya huku na kukosa, ambapo kijana asiye na mazoea angepata.

Pesa, na njia nyingine

Kila sehemu ya mtihani ni zaidi ya dola 250, kwa hiyo nne zinapita dola 1.000 kabla ya pesa ya dosye ya jimbo, ya kupima diplome, ya tafsiri na ya anvelopu. Kozi za kujitayarisha zinazouzwa zinaweza kupita dola 2.000. Usianze kwa kuzinunua. AICPA yenyewe inaweka mitihani ya mfano kwenye tovuti yake bila malipo. Jipime kwanza pale, uone kiingereza chako cha uhasibu kiko wapi.

Na ukipita sehemu zote nne, bado wewe si CPA. Kunabaki uzoefu, mara nyingi mwaka mmoja na kuendelea kufuatana na jimbo na njia uliyochagua, na kwa kawaida CPA mwenye leseni ndiye anayethibitisha ulifanya nini. Miaka ya hapa kwenye kampuni ya vipuri, bila CPA aliyekuwa akiiona, haihesabiwi kwa urahisi. Hii ilimuuma sana kijana nilipomweleza, kuliko habari ya anvelopu. Ndiyo maana wale wawili walinishauri vilevile: usingoje kumaliza mtihani ndani ya depo. Tafuta kazi ndogo ya mahesabu kwenye biro ya CPA, hata ya kupanga fakture, hata kama mshahara unalingana na wa depo.

Kwa mwenye gradua tu, ao ambaye chuo chake kilifungwa na releve hazipatikani, kuna mlango mwingine. IRS ina mtihani wake wa kuwa «enrolled agent», mtu anayeruhusiwa kuwawakilisha walipa kodi mbele ya IRS kwenye majimbo yote. Hawaombi diplome ya universite. Una sehemu 3, kila moja maswali 100 ya kuchagua, yote juu ya kodi. Haukupi saini ya ukaguzi, lakini unakutoa kwenye depo. Mmoja wa wale wawili alianzia hapo, na CPA anaisoma sasa polepole, usiku watoto wakilala.

Wanaopita kwenye simu wakisema wanauza «équivalence» ya CPA kwa siku kumi hawana biro kwenye jimbo lolote. Tumewasikia hata hapa mjini.

Kijana wa Katuba alirudi kwetu na barua ya yaya yake kwa SGA. Tuliisoma pamoja na kuongeza namba ya dosye, ambayo alikuwa ameisahau. Safari hii hataomba apewe karatasi mkononi.